Mwaka wa Kufungwa Kifua

Siku ya tatu ya msiba wa shangazi yangu, Bi Riziki, baada ya hitima, tulikaa wanawake ukumbini kwake Wete, sinia la pilau katikati yetu, watu wanakula na kumsifu marehemu. Sikuwa na ubishi na sifa zile. Bi Riziki alikuwa mtu wa sala, mtu wa kutembelea wagonjwa, mtu ambaye Ramadhani nzima mlango wake haukutiwa komeo. Nikasikiliza, nikaitikia amin pale pa kuitikia. Kisha jirani mmoja wa zamani, bibi ambaye sasa nywele zake zote nyeupe, akanigeukia na kunishika goti. "Na weye Raya ndiye hasa wa kumlilia," akasema. "Lau si yule kukufunga kifua mapema, ungalipotea. Alikusitiri." Wenzake wakadakia, "Alimsitiri, wallahi." Nikalirudisha tonge siniani, nikainuka, nikaenda kunawa uani. Mimi nina wajukuu sasa. Nilidhani jambo lile limeshanitoka. Halikunitoka, na nilijua palepale kwamba nikirudi kwangu Chake nitauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla sifa za hitima hazijaugeuza kuwa wema.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, niko kidato cha pili, nimeletwa Wete kutoka Kiuyu kwa ajili ya skuli. Chumba nilichopewa kwa shangazi kilikuwa cha nyuma, chenye kidirisha kimoja cha nondo, kitanda cha kamba, na magunia ya karafuu yaliyopangwa hadi usawa wa macho. Harufu ya karafuu iliingia mpaka kwenye madaftari. Hata leo nikifungua kitabu kipya nashangaa kwamba hakinuki. Nilikipenda chumba kile. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, jioni wali na mchuzi wa samaki changu, na baina ya hapo nilikwenda skuli, kisha chuoni kwa Maalim Hidaya, mwanamke aliyetufundisha wasichana kusoma Kurani kwa hukumu zake zote: wapi pa kuvuta, wapi pa kughunisha sauti ipite puani, wapi pa kukata pumzi na wapi ni haramu kukata. Nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila ya haya kwa sababu ilikuwa ndiyo mali yangu peke yangu katika nyumba ile. Maalim alinichagua mimi kusoma katika mashindano ya vyuo vya wasichana, ambayo yangefanywa Ramadhani, na kwa wiki kadhaa nilitembea njia nzima ya skuli nikivuta aya midomoni.

Mwili wangu mwaka ule ulikwenda mbio kuliko mimi mwenyewe. Nilikuwa mwembamba, mbavu zinaonekana, lakini kifua kikakua kwa miezi michache, na hakuna mtu mzima aliyenambia neno kabla wala baada. Siku moja shangazi aliniona natoka kuoga nimejifunga kanga, akasimama na ungo mkononi, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevunja chungu. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri akaingia chumbani mwangu na kanga kuukuu aliyoichana kwa urefu. "Inua mikono," akasema. Akanizungushia kitambaa juu ya shumizi, akanikita goti mgongoni, akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu afungaye mzigo juu ya gari ya ng'ombe. "Shangazi, inabana." "Ndiyo kazi yake." "Sipumui vizuri." "Utazoea. Yakibanwa yatarudi." Nilitaka kumuuliza yatarudi wapi. Sikumuuliza, na katika mambo yote ya mwaka ule, swali hili ndilo linalonijia mara nyingi nikiwa nafua au nakuna nazi: yatarudi wapi, Shangazi? Ulidhani mwili ni maji ya bahari, unakupwa?

Kila alfajiri ikawa hivyo. Watu wanaosema "alimsitiri" hawajui kitambaa kile kilifanya nini kufika saa ya pili ya masomo. Kilikuwa kinateremka taratibu, kinajikunja, mpaka kinakuwa kamba moja nene chini ya kifua, na kamba ile inakata. Jasho likikaa hapo, ngozi inachubuka. Ikichubuka, chumvi ya jasho inaingia. Nilijifunza kukaa nimejikunja, mikono imekumbata madaftari. Mwalimu wa hesabu akanambia nikae wima, darasa likacheka. Nikaacha kukimbia, nikaacha kucheka kwa sauti, kwa sababu hata kicheko kinataka mbavu zifunguke. Na chuoni, kwa mara ya kwanza, aya zikaanza kunishinda katikati. Maalim Hidaya akanikazia jicho.

Alasiri moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, kwenye pipa la maji, nafua nguo za skuli. Upande wa pili, uani, shangazi na Maalim Hidaya walikuwa wamekaa juu ya mkeka wakimenya muhogo. Nilisikia visu vikienda, na maganda yakiangukia kwenye ungo.

"Yule ntoto wako," Maalim akasema, "umentazama vyema?"

"Nimentazama. Namfunga kila siku."

"Kufunga ni dawa ya nje. Kifua hakiji vile bure, Bi Riziki. Pana nkono hapo."

Kisu cha shangazi kikasita. "Nkono wa nani?"

"Mie n'tajuaje? Wa huko Kiuyu, ama wa hapa njia ya skuli. Lakini pana nkono."

"Na babake kanikabidhi mie!"

"Basi ndiyo usingoje. Yupo mtu Shumba, ana duka lake, nkewe hakujaaliwa kuzaa. Mwite babake nsemezane, kabla halijawa kubwa."

Nilisimama na nguo inanidondokea miguuni. Nataka mtu anayesoma afahamu vizuri: sikuwa nimeguswa na mwanamme yeyote. Nilikuwa hata sijajua kwamba kuna watu wanaoamini kifua cha msichana kinakuzwa na mikono ya wanaume. Mikono pekee iliyoushika mwili wangu bila ya ridhaa yangu ilikuwa ya shangazi, kila alfajiri, na goti lake. Na wale walikuwa watu wazima wawili, wanawake, waliopitia mwili uleule na umri uleule, mmoja wao akijua kila herufi inatoka sehemu gani ya koo. Wakakaa juu ya mkeka na kunitwisha mwanamme ambaye hakuwapo, kisha wakanitafutia mwengine wa kuniondolea fedheha ya yule wa kwanza. Yote hayo wakimenya muhogo. Nimewasamehe watu wengi mambo mengi. Mazungumzo yale sijayasamehe, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Ramadhani ilipoingia, shangazi akaona kwamba kanga inafanya vinundu chini ya kanzu nyeupe niliyoshonewa kwa ajili ya mashindano. Akanichukua dukani kununua sidiria. Muuzaji alikuwa mwanamme, yuko nyuma ya kabati la vioo lenye vitana na mafuta ya nywele. Alinitazama mara moja kutoka kidevuni hadi kiunoni, juu ya buibui, akageuka na kutoa kimfuko. "Thelathini na nane, Bi Riziki. Kifua kikubwa, nambari kubwa. Hii ataivaa mpaka aolewe." Shangazi akacheka kidogo, nami nikatamani ardhi inimeze. Tulipofika nyumbani nikaivaa. Mbavu zangu zilikuwa zinapwaya ndani yake, ilhali vikombe vilikuwa vidogo. Mkanda wa mgongoni ukapanda mpaka karibu na shingo, na uzito wote ukaning'inia kwenye kamba mbili nyembamba za mabegani. Shangazi akaitazama, akaamua kosa ni langu. Akaupiga mkanda fundo mgongoni, akazifupisha kamba mpaka mwisho wake, kisha, ili awe na uhakika, akanifunga na ile kanga juu yake. "Sasa umekaa kitu," akasema.

Mashindano yalifanywa katika ukumbi wa skuli baada ya adhuhuri, joto la mchana wa saumu, wanawake wamejaa juu ya mikeka wakijipepea kwa vipepeo vya ukili. Nilipopanda jukwaani niliona nyuso nyingi zinanitazama kwa huruma ile ya wakubwa kwa watoto wanaosoma. Aya ya kwanza ilikwenda. Ya pili ilikuwa ndefu, na katikati yake pana pahala ambapo ukikata pumzi unageuza maana nzima. Nilipajua pahala pale kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu. Nikavuta, pumzi ikagonga kitambaa, ikarudi. Nikakata palepale pasipokatwa. Nikarudi mwanzo wa aya, nikavuta tena, fundo la mgongoni likanichoma, sauti ikanitoka nyembamba kama ya paka, ikakatika palepale. Mama mmoja mbele akanambia kwa upole, "Pokea pumzi, mwanangu, usikhofu." Ningaliipokea wapi? Mara ya tatu hata sikufika. Waamuzi wakaninong'onea nishuke. Nje, penye viatu, mbele ya wenzangu wote na mama zao, Maalim Hidaya akasema bila ya kupaza sauti, "Ntoto mwenye jambo moyoni, pumzi haintoshi." Jioni ile shangazi aliweka tambi na uji wa pilipili manga, na ndizi za nazi ambazo alijua nazipenda. Sikuweza kula. Alisema, si kwa ukali hata, "Nimempelekea salamu babako. Aje baada ya sikukuu."

Zuwena ndiye aliyeiona damu. Tulikaa dawati moja. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, mtu asiyejua kunong'ona. "Raya, begani kwako pana nini?" Nikamwambia hapana kitu. Akanyanyua mtandio wangu kwa ncha ya kalamu, akaona doa kwenye nguo, akaona na mfereji ambao kamba ilikuwa imeuchimba. Hakuuliza tena. Kengele ilipolia alinishika mkono na kunipeleka kwao, na njia nzima alikuwa akisema peke yake, "Wazimu huu. Wazimu mtupu huu."

Mamake Zuwena alikuwa akiuza mitumba ya wanawake na watoto, na marobota alikuwa akiyafungulia nyumbani. Chumba chao cha mbele hakikuwa na pa kukanyaga: lundo la soksi za watoto, lundo la mashuka, lundo la sidiria limefika dirishani, na juu ya yote ile harufu kavu ya dawa inayotoka kwenye robota jipya. Alikuwa amekaa kwenye cherehani akibadilisha zipu. Zuwena akamwambia, "Mama, ntazame huyu." Mama yule akanifungulia kitambaa nyuma ya pazia, pole pole, na pale kilipokuwa kimegandamana na ngozi alikilowesha kwa maji ya vuguvugu. "Nani kakufanya hivi?"

"Nimefungwa."

"Umefungwa na nani, kama mbuzi?"

Hakunilazimisha nijibu. Alinisafisha, akanipaka mafuta ya nazi, kisha akaashiria lile lundo. "Chagueni humo. Lazima imo ya kumfaa."

Haikuwa rahisi. Tulichagua sana. Nilijaribu moja baada ya nyengine nyuma ya pazia, na kila moja ilikuwa na ubaya wake: hii inapanda mgongoni, ile inanikata kwapani, hii nikiinua mikono inabaki juu, mimi nimebaki chini. Nikaanza kulia. Nilikuwa na hakika kwamba kosa ni la mwili wangu, kwamba dunia nzima imeshona nguo na mimi peke yangu ndiye niliyeumbwa vibaya. Zuwena hakuwa na subira ya kilio. Alikaa sakafuni akizipanga sidiria kwa nambari, kwa hasira, kama mtu anayepanga ushahidi. Akanyanyua mbili, moja kila mkono. "Mama, hebu tazama. Hizi zote ni thelathini na nne. Sasa mbona hii vikombe vyake kama vya kahawa, na hii kama bakuli za uji?" Mamake akasimamisha cherehani. Zuwena akasogeza kijitambaa cha ndani karibu na macho. "Nambari moja, lakini herufi mbali mbali. Hii A. Hii ina D." Wakatazamana. "Miaka yote nauza," mamake akasema, "nikidhani hiyo herufi ni alama ya kiwanda." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, halafu akaacha ghafla, kwa sababu alikuwa amekumbuka wanawake wote aliowauzia.

Wakatoa futi kwenye droo ya cherehani. Wakanipima chini ya kifua, pale penye mbavu, kisha wakanipima juu yake, na ikadhihirika kwamba sikuwa mtu wa thelathini na nane hata chembe. Mbavu zangu zilikuwa za thelathini na mbili. Nambari ni ya mbavu, herufi ni ya vikombe: jambo dogo kama hilo, halikai hata nusu ya mstari, na kisiwa kizima kilikuwa kikiongeza nambari kila mwanamke alipobanwa, mpaka watu wanavaa mikanda inayopwaya na kubebea uzito wote mabegani, kisha wanaambiwa maumivu ya mgongo ni uzee. Tukalifukua lile lundo hadi chini. Ile tuliyoipata ilikuwa mbaya kwa sura, rangi ya chai iliyopauka, kamba zake pana kama za begi la skuli, na herufi mbili za D zimesimama pamoja. Nikaivaa. Zuwena akanizunguka kama fundi anayekagua nyumba. Mkanda ulikaa sawa mgongoni, haupandi wala haushuki. Kipande cha katikati kilikaa juu ya mfupa bila ya kuelea. Kidole kiliweza kupita chini ya kamba. "Inua mikono," akasema, nikainua, na hakuna kilichohama.

Kisha nikavuta pumzi. Sijui nilieleze vipi. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango uliofungwa, mlango ukafunguliwa. Mbavu zikatanuka kila upande na hakuna kitu kilichozirudisha. Bila ya kukusudia nikaanza ile aya, ile ndefu, nimesimama nyuma ya pazia baina ya mashuka ya watu wa nchi za baridi, nikapita pale pasipokatwa, nikaendelea, nikafika mwisho wake, na pumzi ilikuwa ingalipo. Nilipotoka, mamake Zuwena alikuwa amekaa na mkasi mkononi, hakati kitu. Zuwena akasema, "Sasa yule Maalim aje aseme pana jambo moyoni."

Kwa wiki kadhaa niliivaa. Alfajiri nilimwachia shangazi anifunge, na nikifika kwa kina Zuwena, kabla ya skuli, nilifungua. Vidonda vikaanza kupona. Nilikaa wima darasani. Baada ya sikukuu, siku moja ya mvua, niliifua na kuianika ndani, juu ya magunia ya karafuu, chini ya kanga. Niliporudi kutoka dukani shangazi alikuwa jikoni, amechutama mbele ya moto wa makumbi ya nazi, ameishika kwa koleo.

"Nani kakupa hii?"

"Mamake Zuwena."

"Nwongo. Hii ni ya kuonyeshea wanaume. Tazama vikombe vyake." Akaitia motoni. Ilinuka vibaya, ikajikunja.

"Ile inanipa pumzi!" nikampigia kelele. "Zako zinanitoa damu! Unanitoa damu kila siku, Shangazi, na hujawahi hata kunambia nikuonyeshe!"

Akanipiga kofi. Nikabaki palepale. "Sifungwi tena," nikasema. "Nipige, lakini sifungwi." Kesho yake alfajiri alipokuja na kitambaa nilikuwa nimejifungia mlango, nimeusukumia magunia. Aligonga, akaniapiza, akalia. Mimi nilikaa kitandani na kusikiliza. Mtu asidhani niliona raha. Nilikuwa na miaka kumi na tano na sikuwa na pa kwenda.

Baba alifika mwisho wa wiki ile, na mkungu wa ndizi na kuku wawili wamefungwa miguu. Alikaa ukumbini akanywa chai, na shangazi, dadake mkubwa, akamwekea kesi yote mbele yake: kifua, mkono, aya iliyokatika, sidiria ya kihuni, ukaidi, na yule mwenye duka wa Shumba ambaye yu tayari kuja na posa. Mimi niliwekwa karibu na mlango. Baba alikuwa ametazama chini muda wote, ameona haya mpaka masikio. Mwisho akasema, bado hanitazami, "Raya, una neno?"

Sikuwa na maneno ya kumwambia baba habari ya sidiria. Hakuna binti wa Kiuyu aliyekuwa na maneno hayo. Nikasema lile pekee lililoweza kutamkika. "Baba, sipumui. Nikifungwa sipumui. Ndiyo maana nilishindwa kusoma. Na mimi hakuna aliyenigusa."

Shangazi akafungua mdomo. Baba akanyanyua mkono kidogo. "Dada," akasema, "ntoto kasema hapumui. Tangu lini mtu akisema hapumui, tukamuuliza nani kamshika?" Kuku mmoja akapiga mbawa sakafuni. Baba akanigeukia mara hii, macho mekundu. "Mume hapana. Utasoma. Unataka kukaa wapi?"

"Kwa kina Zuwena."

Hata hapo nina hasira, maana naijua picha hii watu wataipenda, baba mwema anayeokoa. Baba alikuwa mwema. Lakini aliuliza mara moja, na mimi nilihitaji kuulizwa tangu siku ya kwanza, na wenye kuuliza walikuwa wanawake waliokuwa wakiniogesha kwa macho kila siku. Nilihamia kwa kina Zuwena siku ileile. Nililala chini ya dirisha, baina ya marobota, nikamaliza skuli, nikawa mwalimu. Chuoni Maalim Hidaya hakunirudisha. Alisema nimeshaharibu jina la chuo. Sikusoma tena mbele ya watu, si mwaka ule wala mwaka mwengine wowote. Nafasi kama zile zina umri wake, ukiupita zimepita. Nasoma nyumbani, mlango umefungwa, na ile aya naifikisha. Mume wangu alikuwa akisema sauti hii imepotea bure. Alikuwa akisema kwa kunisifu, lakini mimi nilisikia neno moja tu, bure.

Shangazi na mimi hatukukatana. Nilikwenda kumpa mkono wa idi kila mwaka, nilimpelekea dawa, nilimzika kwa adabu zake zote. Mwaka jana, kabla maradhi hayajamlaza kabisa, alikuja kukaa kwangu Chake ili awe karibu na daktari. Alikuwa akilalamika mabega na mgongo. Asubuhi moja alishindwa kufungua nguo, akaniita nimsaidie. Nikakuta sidiria ya dukani, nambari kubwa, mkanda umepanda mgongoni, umepigwa fundo, na kamba zimemzamia mabegani katika mifereji miwili ambayo ngozi yake ilikuwa imeshaigeuza kuwa sehemu ya mwili. Mifereji ile ilikuwa ya miaka mingi kuliko umri wangu. Nilichukua futi nikampima, nikaenda sokoni, nikarudi na moja ya kumfaa, nikamvalisha mwenyewe, nikamfungia kishikizo cha nje kabisa kama inavyotakiwa ikiwa mpya.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akavuta pumzi, akasita, akavuta nyengine, ndefu zaidi, mpaka mabega yake yakashuka. Akaweka kiganja juu ya mbavu zake kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwa hapo. "Kumbe," akasema. Kisha akaninyanyulia uso, na ulikuwa uso safi kabisa, hauna ujanja wala toba, uso wa mtu asiyekumbuka moto wala koleo. "Mwanangu Raya, jambo hili ulilijua tangu zamani? Sasa mbona hukunambia?"

Nikaiokota ile sidiria ya zamani sakafuni. Nikaenda nayo jikoni, nikaegemea meza, nikangoja hasira ishuke ili nirudi nikampe chai yake. Chai nilimpa. Hasira haijashuka.